Taa za Nyuma

Siku ya sita kwenye foleni ya malori pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, nilikuwa nimeshaanza kumchukia mtu ambaye sikumjua hata jina. Alikuwa dereva wa lori lililokuwa mbele yangu, na kosa lake lilikuwa tela lake. Nyuma ya tela hilo kulikuwa na maandishi mekundu, WEKA UMBALI, na kila nilipofumbua macho asubuhi ndiyo niliyoyasoma kwanza, kabla hata ya kumkumbuka Mungu. Ningeweka umbali gani? Kushoto kwangu mtaro, kulia mabasi na magari madogo yakitupita kwenda mpakani kana kwamba sisi ni ukuta, nyuma yangu malori hadi mwisho wa upeo wa macho. Nilikuwa nimebeba mbolea ya kupeleka Kongo na ilikuwa inanuka kwa joto.

Watu hudhani foleni ya Tunduma ni kulala. Laiti ingekuwa hivyo. Huwezi kulala vizuri kwa sababu inaweza kusogea saa yoyote, na ikisogea ukiwa umezubaa, nafasi ya lori moja inavumiliwa kwa honi na matusi, lakini ikifika ya malori mawili mtu wa nyuma anakupita na wote waliomfuata wanampigia makofi. Ukishapitwa hakuna wa kumshitakia. Unaoga kwa dumu nyuma ya tairi, unakula ugali wa mama anayepita na ndoo, unarudi kwenye kichwa cha gari na kusikiliza kama kuna injini inawashwa huko mbele.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nyumbani. Mimi ni mtoto wa Ndalambo, kijiji cha hukuhuku Momba. Mama yangu yuko kule bado, na siku ya pili ya foleni alinipigia simu akauliza mbona sifiki hata kumsalimia wakati niko mlangoni. Nikamwambia siwezi kuacha gari. Akaniuliza kama gari hilo linanyonya. Nilicheka, lakini alipokata simu nilijisikia vibaya.

Nyuma yangu alikuwa rafiki yangu. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika malori manne. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita mdogo wangu, na kwa miaka miwili tulikuwa tukipanga safari zetu tuongozane ingawa matajiri wetu, wenye malori, walikuwa tofauti. Mimi mbele, yeye nyuma. Siku zote. "Tangulia, mdogo wangu, mimi nakufuata," ndiyo ilikuwa salamu yake ya kuondoka, iwe Dar es Salaam, iwe Makambako. Na kila tuliposimama alikuwa anashuka na kitambaa, anafuta taa zangu za nyuma. Alikuwa na mfuko wa balbu za akiba, si za gari lake, za kwangu. Taa yangu ikiungua aliijua kabla yangu na kuibadilisha yeye mwenyewe. Mwaka jana alinibandikia nyuma ya tela utepe unaong'aa, akasema ni zawadi. Nilikuwa najisifu kwa madereva wengine kwamba mimi nina rafiki anayenijali kuliko ndugu wa tumbo moja, nao walinionea wivu.

Asubuhi hiyo ya sita alikuja akagonga mlango wangu akasema amechoka kuishi na matako ya magari. Nimpeleke mahali, popote pasipo na tela, kwa siku moja tu, kwani mimi si ndiye mwenyeji? Nikamwambia hapa karibu ni Vwawa tu. Akasema twende Vwawa. Nikacheka. Hakuna mtu wa Tunduma anayekwenda Vwawa kutembea. Vwawa unakwenda ukiwa na bahasha ya kaki na shida, unagongewa muhuri, unarudi. Watu wa Tunduma mpaka leo hawajasamehe makao makuu ya mkoa kupelekwa kule badala ya mjini kwao penye fedha na kelele, na mimi niliyekulia Momba nilirithi dharau hiyo bila kuiuliza maswali. Lakini rafiki yangu alishikilia. Alisema mwezi ujao tajiri wake anataka madereva wote wapimwe macho, na akishapimwa labda hataona tena mji wowote, basi aone huu. Jambo hilo la kupimwa macho alikuwa analitaja kila siku kwa mzaha, kama mtu mwenye jino bovu anavyolipelekea ulimi. Mimi nilicheka kila mara. Nakiri.

Foleni ina utaratibu wake wa mtu kuondoka. Unampa funguo jirani, naye ikisogea anasogeza lake na lako. Leo mimi nakusogezea, kesho wewe. Aliyekuwa nyuma ya rafiki yangu alikuwa Mzambia mmoja mtaratibu anayerudi kwao Kitwe, kila neno lake likiisha kwa mukwai, neno lao la heshima. Tulimpa funguo zetu mbili. Alizitazama, akatutazama, akasema atasogeza malori matatu lakini si hadi usiku, mukwai, kwa hiyo saa kumi na mbili tuwe tumerudi. Tukaapa.

Vwawa kulikuwa na baridi ya kupendeza. Nilishuka kwenye basi nikasimama kando ya barabara na kwa dakika nzima sikujua nifanye nini na miguu yangu. Rafiki yangu alivuta pumzi hadi kifua kikajaa. Tuliingia sokoni, tukapita kwenye maharage ya kila rangi na maparachichi makubwa yaliyopangwa chini kwenye viroba, tukapita mbele ya ofisi ambako watu waliovaa vizuri walikuwa wamekaa kwenye benchi na bahasha zao mapajani. Hakuna aliyetuharakisha. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa nasikiliza injini, na nilishangaa kuona mji huu nilioudharau miaka yote una miti, una nafasi, una watu wanaokusalimia wakasubiri ujibu. Nilijisikia mjinga, na nilifurahi.

Tukaingia mgahawani tukaagiza kahawa, maana huku wilaya ya Mbozi mkahawa umepandwa hadi dirishani mwa watu. Mama mwenye mgahawa alituletea maji ya moto na kopo la kahawa ya unga wa dukani. Rafiki yangu akamuuliza ile ya shambani iko wapi. Akasema ile wanauza, wao wanakunywa chai. Tulicheka wote watatu. Vyakula vilikuwa vimeandikwa kwa chaki ukutani, na rafiki yangu akaniambia nisome, anataka kuona kama darasa la saba la Ndalambo lilinifundisha kitu. Nikasoma kwa sauti, kwa madaha, hadi bei ya maandazi. Akachagua wali maharage. Sikuona kitu chochote cha ajabu katika hilo.

Nje ya soko kulikuwa na muuza miwani, amezipanga kwenye ubao. Rafiki yangu alisimama pale. Alijaribu moja, akatazama ng'ambo ya barabara, akaivua. Akajaribu nyingine. Mimi nilikuwa namfanyia utani, nikimwambia hii inamfanya afanane na mwalimu mkuu, hii na mganga. Alijaribu karibu zote. Alikuwa ameacha kucheka, na mimi nilikuwa bado nacheka peke yangu. Mwishowe muuzaji aliichukua ya mwisho taratibu, akaifuta, akairudisha mahali pake.

"Mzee, macho haya ya kwako si ya miwani," alisema. "Nenda ukapimwe."

Rafiki yangu akasema asante, akanishika bega, akauliza kama kuna kitu kingine cha kumwonesha mgeni.

Nikasema kuna Kimondo. Tukapanda bodaboda. Njiani nilianza kuhesabu vitu, bila kutaka. Mkono wake uliokuwa begani kwangu tangu tuliposhuka kwenye basi. Namna alivyoacha nimtangulie kila tulipovuka mtaro. Chaki ukutani. Tulipofika bado nilijiambia kwamba mtu wa miaka hamsini na kitu ana haki ya kutosoma chaki.

Kimondo kimelala palepale kilipoangukia, pande la chuma refu kuliko gari dogo, wamekichimbia shimo kukizunguka na kuacha udongo chini yake kama meza. Watu walishajaribu zamani kukikata kwa msumeno na makovu yako pale. Hakuna aliyeweza kukisogeza. Rafiki yangu alikiendea na mikono mbele. Alikipapasa kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, akaingiza vidole kwenye vishimo vyake, akalipata kovu la msumeno na kulifuata kwa kidole gumba. Alipendezwa kweli. Alisema kitu hiki kimetoka mbinguni kimekuja kukwama Mbozi, basi na sisi tusilalamike. Mimi nilikuwa namtazama macho yake. Hayakuwa yanatazama chuma, yalikuwa yanatazama mbele tu, huku mikono ikifanya kazi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanitia haya. Tulikaa ukingoni, mbele yetu bonde lenye mashamba na njia nyembamba. Halikuwa na mtu wala mnyama. Nikanyoosha kidole nikasema, "Kaka, waone ng'ombe wale. Wafugaji wa Momba siku hizi wamepandisha mpaka huku."

Akatazama kule. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wamenona," alisema.

Nadhani ukimya wangu ndio uliomwambia. Aliuinamisha uso wake, akaanza kuusugua kwa viganja viwili, akauliza polepole kama kule chini kulikuwa na ng'ombe. Nikamwambia hapana.

Alinieleza kila kitu bila kuombwa. Mchana anaona, si kama zamani, vitu vya karibu anaviona na barabara anaijua kwa moyo. Mbali ni ukungu. Jua likianza kushuka, kila kitu kinaondoka, inabaki taa.

"Taa zipi?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Zako."

Nilisimama nikaenda upande wa pili wa Kimondo ili nisimwone. Nilikuwa na hasira. Nikaukumbuka mteremko wa Kitonga usiku wa mvua, mimi nikishuka na yeye karibu mno nyuma yangu, nami nikifikiri huyu mtu ananipenda hadi hataki niwe mbali. Nikakumbuka kitambaa. Nikakumbuka balbu, na ule utepe wa zawadi. Miaka miwili nilikuwa navuta matela mawili, na moja sikuwa najua kuwa nalivuta. Nilijiona mjinga na nilijiona nimeibiwa, na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba nilikuwa nimejisifu kwa watu.

Niliporudi nilimuuliza maswali ya kikatili. Nikamuuliza kama anawaona akina mama wanaotoka shamba jioni na majembe kando ya barabara. Nikamuuliza kama anawaona watoto wa shule. Alisema nikipunguza mwendo, anajua kuna watu. Yaani watu hao wote waliishi au walikufa kwa mguu wangu kwenye breki. Akasema anaomba mwezi mmoja tu. Afikishe mzigo huu, arudi, halafu atamwambia tajiri mwenyewe kabla ya kupimwa. Nikamuuliza kwa nini asimwambie leo.

"Mdogo wangu," alisema, "nyumbani wamenizoea nikiwa safarini. Nikikaa siku nne mke wangu ananiuliza naondoka lini. Nikishuka kwenye gari hili, nakwenda kukaa wapi?"

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu ambaye mama yake yuko jirani na hawezi kwenda. Tulirudi Vwawa, tukapanda basi. Nilikuwa nimebanwa kila upande. Nikisema kwa tajiri wake, nimemtoa barabarani kwa mkono wangu, mtu aliyenibadilishia tairi kwenye mvua na kukaa nami hospitali Morogoro siku tatu nilipougua malaria. Nikinyamaza, siku moja atampitia mtu juu, na mimi nitakuwa mbele nimemwashia taa. Hata kumkimbia nisingeweza, angenifuata. Nilitazama dirishani nikitamani basi lisifike, na lilifika upesi kuliko siku zote.

Foleni ilikuwa imesogea. Mzambia alikuwa ameyasogeza malori yote matatu karibu na mjini, pale penye kibanda cha mama muuza uji, na alikuwa amechoka na amechukia kwa adabu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jua limeshashuka nyuma ya malori. Alisema huko mbele wanafungua, usiku huu tunavuka, mukwai. Akaniwekea funguo zote mbili mkononi, wangu na wa rafiki yangu, akapanda gari lake.

Rafiki yangu alisimama mbele yangu na kiganja wazi. Siku sita tulikuwa tumeomba foleni ifunguke, na sasa ilikuwa inafunguka. Nilitaka sana kumpa na kutosema kitu. Nilitaka pia kuutupa ule ufunguo mtaroni. Nikauweka kiganjani mwake lakini sikuuachia.

"Kuanzia Nakonde, tukishavuka mpaka," nilisema, "utatangulia wewe. Mimi nitafuata."

Alinitazama, au aliitazama sauti yangu. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ufunguo na vyangu pia. Hakubishana. Hakuniita jina baya, na ningependa angeniita. Alitikisa kichwa mara moja, nami nikauachia.

Kisha akafanya lile alilofanya siku zote. Akatoa kitambaa mfukoni, akaenda nyuma ya tela langu, nikasikia akifuta taa, ya kushoto kisha ya kulia, taratibu. Nikadhani ameamua kuja. Nikadhani tutafika Nakonde, tutasimama, atatafuta maneno na mimi nitalegea, maana najijua. Nikapanda, nikawasha injini, nikawasha taa.

WEKA UMBALI ikaondoka mbele yangu. Nikasogea. Nikatazama kioo cha pembeni, na kichwa cha gari la rafiki yangu kilikuwa palepale, taa zimezimwa. Nafasi ya nusu lori. Nikapunguza mwendo. Wa mbele akazidi kwenda na wa nyuma wakaanza honi. Nafasi ya lori moja. Nilijua hajazubaa, hakuna dereva anayezubaa Tunduma baada ya siku sita. Nikafungua mlango nishuke, na askari akanipigia filimbi na kunipungia nisogee, sogea, nazuia barabara. Nikasogea. Nafasi ikawa ya malori mawili, na nikamwona Mzambia akitoka nyuma, akimpita rafiki yangu kwa aibu, akiingia mahali pake. Baada yake mwingine. Baada yake mwingine.

Nikampigia simu huku nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Iliita sana kabla hajapokea. Nikamwambia awashe gari, ataingizwa, nitazungumza na Mzambia, tutazungumza yote ng'ambo. Nilikuwa naongea haraka na nilikuwa karibu kulia.

"Endelea, mdogo wangu," alisema. "Nilitaka tu nijue zinaishia wapi."

Nikamuuliza nini.

"Taa zako. Zilipofika pale kwa mama muuza uji, zikapotea."

Nilitazama kioo. Kibanda cha mama muuza uji kilikuwa hapo nyuma yangu, urefu wa lori moja na nusu kutoka alipokuwa. Hata giza lilikuwa halijaingia bado. Niliweza kusoma bei ya uji.